Herufi ya Nne

Chumba alichofia Mzee Salem kilikuwa na baridi ya kuumiza meno, na nje ya dirisha mtaa mzima wa Ansab ulikuwa umezimia chini ya jua la alasiri. Pazia jeupe lilivimba na kunywea kwa pumzi ya kiyoyozi. Naqib Zahor alisimama mlangoni kitambo, kama mtu aliyeingia kwenye ndoto ya mwenziwe na hataki kumwamsha. Juu ya paa ndege ilikuwa ikishuka kuelekea uwanjani. Mlio wake ulifika chini umeshalainika, mfano wa maneno ya mtu aliyelala.

Kesi yenyewe ilikuja imeshaiva. Daktari Buthaina, aliyekuwa akimtibu mzee huyo nyumbani kwake, aliingia kituoni mwenyewe, maiti haijatolewa ndani, akasema kwa upole: "Mimi ndiye niliyempa dawa iliyomuua. Aliniomba." Kisha akaomba glasi ya maji.

Kwa sheria, daktari anayemsaidia mgonjwa kufa ameua, hata akiombwa kwa machozi. Lakini mwendesha mashtaka alitaka kujua jambo moja kabla hajayapima mashtaka yake: je, ni kweli aliombwa? Hilo ndilo lililompeleka Zahor, mpelelezi wa siku nyingi mwenye cheo cha naqib, yaani kapteni wa polisi, kwenye chumba kile. Maana Mzee Salem, kwa mwaka wake wa mwisho, hakuwa na sauti wala mkono. Maradhi yalianzia vidoleni, yakapanda taratibu yakimla misuli yote ya mwili, yakamwachia macho peke yake. Na huyu alikuwa mwongoza ndege. Maisha yake yote ya kazi, sauti yake ndiyo iliyoziteremsha ndege pale Sib, tulivu, haipandi hata upepo uchafuke.

"Nilikuwa nikisimama hapa," alisema Rawya.

Alikuwa binti wa marehemu, mchoraji wa ramani za majengo aliyeacha kazi ili amuuguze baba yake. Alizungumza Kiarabu, lugha pekee ya nyumba ile, na Zahor akamjibu kwa Kiarabu. Mkononi alishika kipande cha plastiki angavu, kipana kama sinia, kilichoandikwa herufi za Kiarabu, kuanzia alifu hadi ya. Mgonjwa alikuwa akiitazama herufi anayoitaka, na Rawya, aliyesimama upande wa pili wa plastiki, alifuata macho yake, akaitaja herufi, na baba akafumba jicho mara moja kukubali.

"Muulize nani mwingine alikuwa akimsoma."

Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Loay, mtoto wa kiume, aliyejiegemeza kwenye fremu ya mlango kama aliyekatazwa kuingia.

"Nani mwingine alikuwa akimsoma?" Zahor aliuliza.

"Hakuna," alisema Loay. "Mimi nilijaribu nikashindwa. Daktari alishindwa. Mdomo wa baba ulikuwa huyu. Sasa mdomo ukisema nataka kufa, nani atajua ni mdomo wa nani? Mwanamke huyu ameahirisha harusi mara mbili, Naqib. Amedhoofu kuliko mgonjwa."

Rawya hakugeuka. Zahor alimtazama usoni na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Ulikuwa umechoka?"

"Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nikimwomba Mungu amchukue, na nikimwomba asimchukue, kwenye sijda moja. Lakini sikumtilia neno mdomoni."

Zahor alikivuta kiti cha kando ya kitanda, akaketi, akakilaza kichwa nyuma na kuiacha mikono yake ilegee. "Nisome mimi," alisema.

Rawya aliunyanyua ubao. Kupitia plastiki ile uso wake ulionekana kama ulio chini ya maji. Zahor alikuwa hajachagua neno. Lilikuja lenyewe, kwa kuwa mwili wake ulikuwa ukitetemeka. Akaitazama ba. Akaitazama ra. Macho yalikuwa ndiyo kwanza yatue kwenye dal.

"Bard," alisema Rawya. "Unasikia baridi. Nikipunguze kiyoyozi?"

Loay aliinama akavitazama viatu vyake. Zahor akaketi wima. Mwanamke huyu alikuwa akisoma kweli, tena upesi, na hakuwa na haja ya kubuni. Jambo dogo tu lilimkera Zahor: alikuwa bado na herufi moja aliyotaka kuitazama, na hakupewa nafasi.

"Humwachi mtu amalize?"

"Kila herufi ilikuwa ikimchosha. Neno nikishalijua, nilikuwa nikilimalizia mimi. Ndivyo tulivyozoea."

Zahor aliinuka, akakizunguka chumba taratibu kama anavyofanya siku zote, mikono nyuma. Mashine ya kunyonya mate. Mipira ya kulishia, iliyofungwa vizuri. Juu ya rafu, nyuma ya chupa za dawa, palikuwa na kipimo cha sukari, kile cha kutoboa kidole. Alikibonyeza, betri ilikuwa imekufa.

"Alikuwa na sukari?"

"Zamani. Alipokonda ikashuka yenyewe. Daktari alisema tusihangaike nayo tena."

"Na neno lenyewe, alilisema lini?"

"Alasiri. Karibu kila alasiri, tangu mwezi wa Ramadhani. Mim, waw, ta." Alizitaja herufi hizo tatu kwa tahadhari, kama anayeshika kigae. "Mawt. Mauti. Mara ya kwanza niliuficha ubao. Siku ya pili akalisema tena. Nikamwambia daktari, akakasirika, akaniambia hatalifanya jambo kama lile kwa kuambiwa, ataliona mwenyewe. Yeye ndiye aliyetaka nimpige baba picha ya video."

Alimpa simu. Kwenye kioo kidogo alitokea mzee wa uso mwembamba, ngozi yake iking'aa, macho makubwa yenye uhai mwingi. Sauti ya Rawya ikasikika ikitaja: mim, waw, ta. Kisha: mawt, baba? Halafu sauti ya daktari, ya chini, yenye huruma: "Mzee Salem, hili unaloliomba, unalitaka kweli?" Jicho likafumba, likafumbuka. Daktari akarudia swali, na jicho likarudia jibu.

Zahor aliirudisha picha nyuma, akaitazama tena. "Hapa, ulipokwisha kusema mawt. Macho yanahama. Anatazama nini?"

"Amechoka," alisema Rawya. "Alasiri macho yake yalikuwa hayatulii."

* * *

Barabara ya kwenda Sib ilikuwa imefunikwa na vumbi jepesi la joto, na magari yaliyotangulia yalionekana kuelea bila ya magurudumu. Zahor aliendesha polepole. Alikuwa na mtu mmoja zaidi wa kumwona: Bi Mwanamize, dada mkubwa wa marehemu, aliyevunjika nyonga na kukosa hata kwenda kumuaga ndugu yake.

Alimkuta kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, nyuma kidogo ya soko, miguu juu ya kigoda, kanga mbili zimemfunika. Harufu ya samaki wa kukaushwa iliingia dirishani na kuchanganyika na ya udi.

"Msalkheri, Bi Mwanamize," alisema Zahor kwa Kiswahili.

Bibi huyo alimtazama kwa mshangao mdogo, kisha uso wake ukalegea. "Msalkheri, mwanangu. Polisi gani wewe mwenye Kiswahili? Wewe wa nani?"

"Mjukuu wa Bi Kheiria, aliyekuwa akikaa Ng'ambo, Unguja."

"Kheiria mshona kofia? Wallahi dunia hii. Keti. Keti hapo karibu, sikio langu hili la kushoto halina kazi."

Ililetwa kahawa, ikaletwa na halwa. Walizungumza juu ya Bi Kheiria kwanza, kwa kuwa bila ya hivyo kingine kisingezungumzika. Mwisho Zahor akasema, "Mbona Rawya na Loay hawakijui Kiswahili?"

"Baba yao ndiye aliyekifungia nje," alisema Bi Mwanamize. "Tulipokuja huku kutoka Unguja tulichekwa kwa ulimi wetu, sote, wakubwa na wadogo. Salem akaapa, wanangu mimi hawachekwi. Basi nyumbani kwake ikawa Kiarabu tu. Kiswahili chake alinibakishia mimi, kwenye simu. Rawya akimsikia hucheka, husema baba yuko Unguja saa hizi."

"Alipata kukwambia kwamba anataka kufa?"

Bibi alikizungusha kikombe vidoleni. Hakuwa na haraka. "Alinambia hataki mashine ya kupumulia. Alinambia, dada, siku pumzi ikikata, iwacheni ikatike. Hilo nalijua, nami nilimkubalia, kwa kuwa huko ni kumwachia Mungu kazi yake. Lakini kuchomwa dawa afe, hilo hakunambia. Nisiseme uongo mbele ya polisi: pengine alilitaka na hakunambia. Mtu hamwambii dada yake kila kitu."

"Na alipokuwa bado na sauti, alikuwa akilalamika nini?"

"Miguu."

"Miguu imekufanyaje?" Zahor alidhani anazungumza juu ya nyonga yake.

"Si mimi, yeye. Miguu yake ya sukari. Maradhi makubwa yalipokuja kila mtu akayasahau madogo, lakini miguu haikumsahau. Ilikuwa ikimwanza alasiri mpaka magharibi. Akinipigia simu akinambia, dada, nyayo zaniwaka moto. Nnamwambia, zitie kwenye beseni la maji. Basi akawa anafanya hivyo, mpaka siku aliyoshindwa kuinuka."

Zahor alikiweka kikombe chini.

"Bibi, marehemu alisoma chuo cha Kurani huko Unguja?"

"Sote tulisoma chuo. Na tulipotengana, yeye huku, mimi bado kule, tulikuwa tukiandikiana Kiswahili chetu kwa herufi za Kiarabu. Hati yake ilikuwa nzuri kuliko yangu."

Zahor aliitoa mfukoni simu aliyoichukua kwa Rawya kuwa ushahidi. Mkono wake haukuwa na haraka, lakini ulikuwa baridi, kama kwamba kile chumba cha Ansab kilikuwa kimemfuata njia nzima. Aliiendesha picha hadi pale sauti ya Rawya inaposema mawt, akayaangalia macho peke yake. Hayakuwa yakirukaruka. Yalitoka kwenye ta, yakasafiri, yakatua mahali pamoja na kungoja pale, yakimngoja mtu aliyekwisha kwenda. Zahor alikuwa ameuona ubao ule kwa karibu. Alijua mahali pale pana herufi gani.

Waw.

Mauti, kwa Kiarabu, ni herufi tatu. Mzee huyu alikuwa na ya nne. Mim, waw, ta, waw. Mtu aliyefundishwa kuandika Kiswahili kwa herufi zile angelisoma neno hilo bila ya kufikiri.

Na hapo ndipo alipokumbuka baridi yake mwenyewe. Alikuwa amefikiria baridi, kwa ulimi wa bibi yake, na Rawya akasoma bard, na wote wawili wakaridhika. Maneno mangapi yalipita hivyo katika chumba kile? Dawa, akapewa dawa. Sabuni, akaletewa sabuni. Maji, naye Rawya akaishia kwenye mim na alifu, akasema mai, na maji yakaja. Miezi mizima mzee alikuwa akizungumza Kiswahili na kujibiwa, wala hakuna aliyejua, hata yeye mwenyewe, kwa kuwa mtu anayeumia hachagui lugha. Mpaka lilipokuja neno moja ambalo njia zake zilikuwa zimeachana.

"Nipe nimwone," alisema Bi Mwanamize.

Hakumnyima. Bibi aliileta simu karibu na pua, akatazama mpaka mwisho.

"Asema moto," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemtafsiria mgeni bei ya samaki. "Asema moto, na wao wamwuliza maneno mengine."

Nje mtu alikuwa akiburuta kreti juu ya saruji. Zahor aliuona ufahamu ukimfikia bibi huyo taratibu, kutoka mbali, na hakuwa na la kufanya ila kukaa pale mpaka ufike. Bi Mwanamize aliifunika simu kwa pindo la kanga yake, akaiacha mapajani.

"Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Usimwambie."

"Bibi, haya yatasomwa mahakamani."

"Nshazika ndugu," alisema. "Usinizikishe na mtoto wake."

* * *

Asubuhi iliyofuata Daktari Buthaina aliletwa kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtu wa Nizwa, mtandio wa kijivu umefungwa vizuri, na uso wenye utulivu wa mtu aliyekwisha kulipa nauli yake. Karani aliketi pembeni na daftari na mashine ya kurekodi. Mwanga uliingia kupitia vioo vya ukungu na kuwafanya wote waonekane kama picha iliyopigwa zamani.

"Nina swali ambalo si la mwendesha mashtaka," alisema Zahor. "Kwako wewe, nani anastahili kusaidiwa afe?"

Daktari alifikiri. "Karibu hakuna. Watu wameniomba, Naqib, kabla ya Salem. Mama mmoja mwenye saratani aliniomba kwa sababu aliogopa kuwaelemea wanawe. Nikamkatalia. Waliokuwa na haja ya kutibiwa pale ni wanawe. Kijana aliyevunjika uti wa mgongo aliniomba. Nikamkatalia, kwa kuwa alikuwa hajaujua bado mwili wake mpya, na leo ana duka lake Matrah na hanisalimii. Nilijiwekea masharti. Awe mtu asiye na tiba. Asiwe na huzuni inayotibika. Awe na akili zake. Aombe mwenyewe, aombe mara nyingi, na maumivu yake yawe yamenishinda."

"Na Salem alitimiza yote."

"Yote. Kosa langu mbele ya sheria nalikubali. Mbele ya Mungu nitajibu. Lakini mbele ya Salem nimesimama wima."

"Kule sheria inakoruhusu, nasikia madaktari wawili humwuliza mgonjwa, kila mmoja kwa wakati wake."

"Nimwite nani? Ningemwita mwenzangu, ningekuwa nimemfungulia mlango wa jela. Jambo la siri halina wa pili."

"Ulipokuwa ukimwuliza, ulilitaja neno lenyewe? Ulisema kufa?"

Kwa mara ya kwanza daktari alichelewa kujibu. "Hapana. Nilisema, hili unaloliomba. Siku ya mwisho nilisema, leo nitakupumzisha. Sisi hatumtajii mgonjwa neno lile usoni. Ni adabu."

Zahor aliiweka simu mezani, akaiendesha picha, akaisimamisha. Akamweleza kwa maneno machache, bila ya kuyapamba: herufi iliyobaki, lugha ya utotoni, neno na maana yake, na miguu iliyokuwa ikimwanza alasiri. Alipomaliza, karani alikuwa ameacha kuandika.

Daktari Buthaina hakulia wala hakupinga. Alilolitoa kwanza lilikuwa la kidaktari. "Nyayo? Miguu yote miwili?"

"Yote miwili. Alikuwa akiichovya kwenye maji."

"Mishipa ya sukari," alisema kwa sauti ndogo, akiitazama meza. "Alipokonda sukari ikakaa sawa, nikaifuta kichwani. Mishipa iliyokwisha kuungua haiponi kwa mtu kukonda. Na maradhi yale mengine huchukua mwendo tu, hayachukui hisia. Alikuwa akisikia kila kitu. Kuna dawa yake. Haimalizi, lakini inapunguza. Ningeipitisha kwenye mpira uleule wa tumboni."

Kiyoyozi kilinguruma, kikatulia.

"Siku ile," alisema daktari, "kabla sijampa, alinitazama sana. Rawya akasema baba anataka ubao. Akatazama ba, akatazama sin. Bas. Nikadhani ananiambia yatosha, nimalize."

Zahor alimwashiria karani aandike.

"Naqib, nataka kubadilisha maelezo yangu. Andika kwamba hakuniomba. Nilifanya kwa rai yangu, na binti yake nilimdanganya. Nitatia saini. Adhabu ikizidi, izidi. Lakini asijue kwamba ni yeye aliyesoma."

"Picha ipo, Daktari. Sauti yake imo ndani."

"Picha hupotea."

Karani alimtazama Zahor. Zahor aliitazama ile picha iliyosimama, uso wa mzee na macho yake yaliyokuwa yakingoja. Aliichukua simu, akaitia ndani ya bahasha ya ushahidi, akaigundisha, akaandika jina lake na tarehe juu yake.

"Hii haipotei," alisema.

* * *

Rawya alikuwa ameitwa kuja kutia saini maelezo yake. Alikuwa peke yake kwenye benchi la ukumbini, chini ya dirisha refu, na jua la asubuhi lilikuwa limemwagika sakafuni mpaka miguuni mwake. Alipomwona Zahor alisimama, akaketi tena.

"Shangazi alinipigia jana, kwenye simu ya nyumbani," alisema. "Alilia tu, na kila nilipomwuliza kwa Kiarabu alinijibu kwa Kiswahili. Hajapata kunifanyia hivyo. Neno moja alilirudiarudia mpaka nikalishika. Moto. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Nimeambiwa wewe ni mtu wa Unguja. Moto ni nini?"

Zahor aliketi kando yake. Angeweza kusema ni jina la mtu, au kwamba wazee hutaja mengi wakiwa na msiba. Njia zilikuwa wazi, na watu wawili waliompenda Rawya walikuwa wamemwonyesha aifuate ipi. Lakini aliyeuliza ni mtu aliyezoea kusoma macho, na alikuwa akiyatazama ya Zahor.

"Ni naar," alisema. "Ni moto wa kuunguza. Na mtu akisikia joto kali mwilini, husema hivyo pia."

Rawya aliinua kidole, akaandika hewani, kutoka kulia kwenda kushoto. Mim. Waw. Ta. Kidole kikasimama. Zahor alitamani kukishika. Kikasogea, kikachora duara dogo na mkia wake, kikabaki pale.

"Sikumwacha amalize," alisema.

"Miguu yake ilikuwa ikimwuma. Ilikuwa sukari. Hata daktari hakujua."

"Alasiri," alisema Rawya. "Nami nikimfunika blanketi kwa sababu ya kiyoyozi. Nikimfunika miguu."

Alijikunja taratibu mpaka paji la uso likagusa magoti. Askari aliyekuwa akipita na faili alipunguza mwendo, Zahor akamwashiria aende zake. Walikaa hivyo mpaka lile jua lililokuwa sakafuni likawapanda magotini. Alipojinyanyua uso wake ulikuwa mkavu, umepauka, na umezeeka kidogo.

"Na lile la mwisho? Alisema bas. Kwa Kiswahili ni nini?"

"Ni basi."

"Maana yake?"

"Ni hiyohiyo. Yatosha. Au, wacha."

"Kama kwetu."

"Kama kwenu."

Alimgeukia, na ndani ya macho yake Zahor aliliona ombi ambalo hakuna herufi iliyohitajika kulisema. "Basi alikuwa akituambia tumalize, au akituambia tuwache?"

Zahor aliwaza juu ya mzee asiyetaka mashine, aliyekwisha kumwambia dada yake pumzi iachiwe ikatike. Akawaza juu ya nyayo chini ya blanketi. Pande zote mbili zilikuwa na uzito, na hakuna uliozama.

"Sijui, Rawya," alisema. "Wala hakuna atakayejua."

Rawya alikubali kwa kichwa. Alisimama, akautengeneza mtandio wake, akautazama mlango wa chumba ambamo karatasi zake zilikuwa zikimngoja.

"Twende ukaandike hivyo," alisema. "Moto, na basi. Yaandike yote mawili, na uandike kwamba la pili hatulijui. Sitaki mtu mwingine alimalizie."